Kuna shahada ya tiba ya upumuaji kwa mtandao, nataka kuuza mikarafuu nikasome. Nishaurini kabla sijaweka sahihi

BintiKojani (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana ukumbi.

Mie ni muuguzi wa diploma, nipo Pemba, mwaka wa tisa huu kazini. Miaka mitatu ya mwisho nimewekwa chumba cha mahututi, na huko ndiko nilikoanza kupenda kazi ambayo hata jina lake sikulijua. Akiletwa mtu anavuta pumzi mpaka mbavu zinahesabika, naitwa mie. "Mwiteni yule binti wa oksijeni." Si kwamba najua sana. Wenzangu wanaiogopa ventileta, ile mashine ya kumpumulia mgonjwa, na mie naiogopa kidogo kuliko wao, basi.

Sasa nimepata chuo cha Marekani kinachotoa shahada ya kwanza ya tiba ya upumuaji. Yote kwa mtandao, miezi 18, huku unaendelea na kazi yako. Dalali wa vyuo anasema nimeshakubaliwa, iliyobaki ni ada tu: dola 12,000, nusu iingie mwanzo. Pesa hiyo sina. Nilicho nacho ni mikarafuu. Si zile eka tatu za Serikali, maana najua mtakuja kunambia haziuziki. Hii ni ya urithi, fungu langu mwenyewe kutoka kwa marehemu baba, miti hamsini na kitu inayozaa. Mnunuzi ameshakuja kuihesabu mara mbili.

Kuna yeyote aliyesoma kitu hiki? Na nikirudi nacho wodini nitaitwa nani?


Darajani_1

Shahada ya kupumua? Mie napumua tangu 1988 na sijapewa hata cheti cha kuhudhuria.


BintiKojani

Kaka Darajani, siku ukiletwa kitandani kwangu utakitaka hicho cheti kwa udi na uvumba.


AfisiniVuga

Dada, nakujibu swali la mwisho kwa sababu ndilo ninaloliweza. Nimekaa afisi za utumishi muda mrefu. Nafasi za afya zilizopita mikononi mwangu ni daktari, muuguzi, mkunga, fundi sanifu maabara, mfamasia, mtu wa usingizi, mtu wa viungo, mtu wa eksirei. "Mtaalamu wa tiba ya upumuaji" sijapata kuiona hata siku moja. Ukija na shahada ambayo haina cheo kwenye muundo wa utumishi, faili lako litalala. Utabaki na mshahara wa diploma yako ya uuguzi na cheti kizuri ukutani.

Sisemi usisome. Nasema mtu hauzi mti unaozaa kwa ajili ya mti ambao hajaambiwa unazaa nini.


MamaKhairat

Samahani naingilia, kwani muuguzi wa oksijeni si ndiye muuguzi wa pumu? Mwanangu ana pumu, miaka sita, kila wiki tuko hospitali kuvutishwa nebulaiza, ile mashine ya mvuke wa dawa. Nitarudi kuuliza, nisije nikaharibu uzi wa watu.


Mkaa_Muscat

Dada'angu BintiKojani, usiweke sahihi. Soma kwanza hii, ni ndefu, chukua kahawa yako.

Mie mtoto wa Wete. Nimesoma tiba ya upumuaji India, miaka mitatu ya darasa na wodi kwa pamoja, wa nne mazoezi matupu hospitali. Sasa nipo Muscat mwaka wa saba, na kazi yangu ndiyo hiyo: ventileta, gesi za damu, kusafisha njia ya hewa, vipimo vya mapafu, watoto njiti wanaosaidiwa kupumua. Kwa hiyo kazi ipo, na ni ya watu wazima. Hao wanaocheka waacheni wacheke.

Tatizo ni hiyo shahada uliyoonyeshwa. Huko Marekani kuna shahada mbili zinazoitwa jina moja, na dalali wako ama hajui ama anajua sana.

Ya kwanza ni ya mtu anayeanza. Anaingia chuo kilichothibitishwa na CoARC, ile tume yao ya taaluma hii, anasoma anatomia, fiziolojia, dawa, mashine, na anapangiwa zamu hospitali mpaka mikono izoee. Akimaliza anakwenda kwenye bodi ya mitihani inayoitwa NBRC. Mtihani wa kwanza ni wa kuchagua majibu: maswali 160, yanayohesabiwa 140, saa 3. Una mistari miwili ya kufaulu. Ukivuka wa chini unapata cheti cha CRT. Ukivuka wa juu unaruhusiwa kukaa mtihani wa pili, visa 22 vya wagonjwa wa kuigiza kwenye kompyuta, saa 4, kila hatua unaulizwa unataka kujua nini na utafanya nini. Huo ukiupita ndipo unaandikwa RRT, yaani mtaalamu wa upumuaji aliyesajiliwa. Baada ya hapo unaomba leseni ya jimbo. Alaska peke yake ndiyo haidai leseni.

Ya pili ni ya mtu ambaye yote hayo ameshayamaliza. Zamani, na mpaka leo kwa vyuo vingi, mtu aliweza kuingia kazini kwa kozi ya miaka miwili. Sasa taaluma inapanda. Mwaka 2018 ilianza kanuni kwamba programu mpya zinazofunguliwa zianzie shahada. Basi wale wa miaka miwili, ambao ni wengi na wana kazi na watoto, wanakimbilia kumalizia shahada kwa mtandao usiku. Hapo ndipo zilipozaliwa hizi za miezi 18. Humo wanafunzwa uongozi, utafiti, kufundisha wenzao, kusoma takwimu. Ventileta hutaigusa, kwa sababu wanachukulia umeshaigusa.

Nikutolee mfano wa huko nyumbani. Moja inamfunza mtu kuendesha gari. Ya pili inamfunza dereva mwenye leseni namna ya kusimamia kituo cha daladala. Wewe unataka kuendesha, wanakuuzia kituo.

Fungua ukurasa wa masharti ya kujiunga, usisome ule wenye picha za watu wanacheka. Tafuta herufi tatu: RRT. Ukiziona hapo, huo si mlango wako. Na ukiingia kwa diploma ya uuguzi wakakuachia kwa sababu umelipa, utatoka na karatasi ambayo haikuruhusu kukaa mtihani wa bodi, wala Muscat na Riyadh hawataipokea, kwa sababu na huku wanauliza saa zako za wodini kabla ya kukupa mtihani wao.


BintiKojani

Nimefungua. Zipo. Mstari wa nne, herufi ndogo. "Awe na RRT au awe anastahili kuipata."

Nimempigia dalali, anasema "hiyo ni ya Wamarekani, wewe wa nje hupewi sharti hilo."


Mkaa_Muscat

Mwambie akuandikie hayo kwa barua yenye nembo ya chuo. Utaona simu yake itakavyokosa mtandao.


MzeeUsingizi

Waalaykum salaam. Mie mstaafu. Nimetia watu usingizi Unguja na Pemba toka enzi za etha na ile mashine ya EMO, ambayo haikutaka umeme wala mtungi, unavuta hewa ya chumba na mvuto wa mkono. Taa zikizimika tulikuwa tunaendelea kwa tochi, na mgonjwa anaamka salama. Vijana wa leo taa ikizima wanasimama.

Nataka kumuuliza binti: kwa nini umeshikwa na jambo hili? Mtu hauzi mikarafuu ya babake kwa kupenda mashine.


BintiKojani

Shikamoo mzee. Nilikuwa sitaki kusema.

Mwaka jana nilimsindikiza mgonjwa kwa boti kwenda Unguja, mama wa makamo, kifua. Tulikuwa na mtungi mmoja. Nilitazama geji, sindano imesimama katikati, nikasema nusu yatosha, boti yenyewe saa tatu kasoro. Gari ya kutupokea nayo ingekuwa tayari bandarini. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu: nusu yatosha.

Hatujakiona hata kisiwa cha Tumbatu sindano ikalala. Nilimbana kwa ambu, ule mfuko wa kumsukumia mtu hewa kwa mkono, hewa tupu ya bahari, mpaka tunafunga gati. Vidole viliganda. Mwanawe alinishika mkono tubadilishane, nikamfunza pale pale namna ya kubana, nahodha anapiga honi. Mama alifika hai. Akaishi. Alinitumia halua baadaye kupitia mtu. Sikuweza kuila.

Hakuna aliyenifunza hesabu ya mtungi. Wala simlaumu mtu, kwani hata mie sikuwahi kuuliza.


MzeeUsingizi

Marahaba binti. Halua ungekula.


Mkaa_Muscat

Dada, hesabu hiyo ni ya fomu thri, ile kanuni ya Boyle tuliyoikariri bila kujua ya kazi gani. Mtungi umeandikwa ubavuni ujazo wake wa maji. Ule mnaosafiri nao, kama ni wa lita 10, zidisha kwa bar, kile kipimo cha mgandamizo, zinazosomwa kwenye geji. Sindano katikati ya mtungi uliojaa bar 150 maana yake bar 75. Mara 10 ni lita 750. Ulimpa lita ngapi kwa dakika?


BintiKojani

Sita.


Mkaa_Muscat

750 gawa kwa 6 ni dakika 125. Saa mbili na dakika tano, na hapo hujatoa akiba, hujahesabu ulivyoufungua wodini, kwenye gari, na mkiwa mnasubiri gatini. Ulikuwa umeshindwa kabla boti haijang'oa nanga.

Swali la pili. Oksimita, ile ya kubana kidoleni inayosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, ilikuwa inasoma ngapi?


BintiKojani

99. Nilifurahi.


Mkaa_Muscat

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. 99 haina faida zaidi ya 94 kwa mgonjwa kama huyo. Ungepunguza taratibu huku unamtazama, kama angesimama kwenye 94 kwa lita 3, mtungi ule ule ungekwenda dakika 250. Ungefika bandarini Malindi na hewa imebaki. Na wako wagonjwa, wale wenye mapafu yaliyochoka miaka kwa kuni na sigara, ambao sisi lengo lao ni 88 mpaka 92, kwa sababu ukiwapa nyingi wanaweza kuanza kusinzia na kaboni dayoksaidi ikapanda. Oksijeni ni dawa. Panadol unaandika miligramu, ile unafungua tu kama bomba la maji.

Sikusemi wewe. Kwetu sote imefunguliwa hivyo miaka na miaka.


Darajani_1

Nafuta utani wangu wa juu. Uendelee uzi.


PCB_Mchovu

Kaka Mkaa, mie nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, biolojia), nasubiri matokeo. Udaktari naona foleni ndefu. Hii inataka nini hasa? Na fizikia ni nyingi?


Mkaa_Muscat

Mdogo wangu, PCB ndiyo yenyewe. Wewe unaingia mlango wa kwanza, wa anayeanza, shahada ya miaka minne. India kuna Manipal na vyenginevyo. Saudia wanayo, Dammam na Dhahran. Ufilipino taaluma hii ina sheria yake kabisa, Namba 10024. Popote unapokwenda, kabla hujakata tikiti wasiliana na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, maana ukirudi ndiyo itakayoulizwa kama shahada yako inatambulika. Waulize wewe mwenyewe, usitume dalali.

Fizikia ni nyingi lakini ina nyama. Mfano. Mgonjwa yuko kwenye ventileta, unampangia ujazo wa kila pumzi. Watu wengi wanatazama uzito wake kwenye mizani. Kosa. Mapafu hayanenepi kwa biriani. Unatazama urefu. Mwanamme: urefu wake kwa sentimita toa 152.4, zidisha kwa 0.91, kisha jumlisha 50. Wa sentimita 170 anakuja kilo 66. Mapafu yakiwa mabovu unampa mililita 6 kwa kilo, yaani kama 400. Akiwa mnene wa kilo 100, na wewe ukafuata mizani na ule mtindo wa zamani wa 12 kwa kilo, utampulizia 1,200 kwenye mapafu ya mtu wa 400. Utayachana ukiona unamsaidia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha 12 na 6 kwa kilo hizi za urefu: waliopewa 12 walikufa karibu 40 katika kila 100, waliopewa 6 walikufa 31. Hakuna dawa mpya hapo, ni kifundo kilichozungushwa kushoto.


PCB_Mchovu

Nimeipenda. Wallahi nimeipenda.


MzeeUsingizi

Nyinyi mnazungumza mashine kana kwamba kazi hii imeanza nazo. Nikupeni kisa, kisha nimshauri binti.

Mwaka 1952 polio iliingia Copenhagen, Denmark. Watoto wanaletwa hospitali ya Blegdam misuli ya kupumua imekufa. Yale mapafu ya chuma ya kumlaza mtu ndani walikuwa na moja tu. Watoto wanakufa. Wakamwita mtu wa usingizi, Bjørn Ibsen, mwezi wa Agosti. Akataka atobolewe koo binti wa miaka 12 aliyekuwa anazama kwenye makohozi yake, akatiwa tyubu, Ibsen akaiunga na mfuko, akambana kwa mkono. Binti akageuka rangi. Basi ikawa hivyo kwa wote. Lakini mkono wa nani utabana usiku na mchana? Wakaita wanafunzi wa udaktari na meno. Wakapita kama 1,500 kwa zamu, kila kitanda kijana mmoja anabana mfuko, anazungumza na mtoto, anamsomea hadithi. Vyumba vya mahututi vyote duniani vilianzia kwenye vidole vya vijana wale. Mfuko wa ambu wenyewe ukaja kutengenezwa na Wadenmark hao hao, miaka minne baadaye.

Kwa hiyo binti, siku ile kwenye boti hukufanya aibu. Ulifanya kazi ilivyoanza.

Sasa ushauri. Usiende India wala Marekani. Una miaka tisa kazini, sijui umri wako, lakini nadhani una watoto. Kasome usingizi huku huku Tanzania. Ni kazi yenye cheo, AfisiniVuga atanishuhudia. Njia ya hewa utaijua kuliko yeyote, mashine utaijua, mtungi utaujua. Ukishatoka hapo hakuna atakayekuita binti wa oksijeni.


Mkaa_Muscat

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo tuachane kidogo. Mtu wa usingizi nimefanya naye kazi kila siku na kwenye kutia tyubu simfikii. Lakini yeye analiangalia pafu kwa saa mbili, mara nyingi pafu zima, mpaka mpasuaji amalize. Sisi tunalilea pafu bovu wiki mbili. Tunalitoa kwenye mashine kidogo kidogo, leo nusu saa, kesho saa mbili, kesho kutwa linagoma unarudi nyuma. Kumwachisha mtu ventileta ni kama kumwachisha mtoto ziwa. Usingizi hawafunzi subira hiyo, hawana haja nayo.


MzeeUsingizi

Ulivyosema juu ya ziwa ni kweli. Ulivyosema juu ya subira, ungekuja hospitali ya Mnazi Mmoja miaka yangu ukaona.


AfisiniVuga

Mzee nakushuhudia, usingizi una cheo.

Ila na mie niongeze moja dhidi yangu. Tulipojengewa zile hospitali za wilaya kwa fedha za UVIKO-19 tulishangilia majengo na vitanda na mashine. Kwenye mikutano nilipata kusikia vifaa vikitajwa mpaka idadi ya mashuka. Nani atakaa na ile mashine saa tisa za usiku, hilo tulilisema kwa neno moja: "watumishi". Cheo hakishuki kutoka mbinguni. Kinaanza mtu akiwepo, halafu wa pili, halafu mganga mkuu anaandika barua kwamba nina watu hawa na nawaandika kama wauguzi na si wauguzi. Watu wa viungo nao walianza vivyo hivyo kila mahali. Lakini yule wa mwanzo ndiye anayelipwa kidogo, dada, na huyo ungekuwa wewe.


MamaKhairat

Narudi na swali langu, nisameheni. Nebulaiza inauzwa maduka ya Darajani, ninunue nikae nayo nyumbani? Nauli kila wiki zinanishinda.


BintiKojani

Mama Khairat, usinunue kwanza. Mtoto ameandikiwa ile pampu ya buluu ya kupuliza mdomoni?


MamaKhairat

Anayo, lakini anasema haimsaidii. Anaipuliza inamrudi mdomoni.


BintiKojani

Ndiyo yenyewe hiyo. Dawa inagonga ulimi, haifiki kifuani. Inataka spesa, kile chombo cha katikati. Kama hukupata dukani, ipo ya chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita: unatoboa kitako tundu la kutosha pampu ikae imebana, mdomo wa chupa ndio mdomo wa mtoto. Afrika Kusini waliipima wakaona watoto wanapata nafuu kama ya spesa ya dukani. Pulizo moja, avute pumzi tano sita taratibu humo ndani, kisha ndiyo la pili. Mpeleke kliniki na chupa yako wakuoneshe ilivyokaa, na uwaulize juu ya ile dawa ya kila siku ya kuzuia, kwani mtoto wa kuvutishwa kila wiki hakutakiwa kuishi kwa ya buluu peke yake. Akizidiwa, akashindwa hata kusema, hapo usikae na chupa, kimbia naye.


Mkaa_Muscat

Na unauliza utaitwa nani.


BintiKojani

Usinilize kaka.

Haya, nimekaa na watu wangu jana. Kaka yangu mkubwa amekataa kabisa nisiuze. Kasema fungu ni langu na sheria inanipa, lakini nikiuza kwa mtu wa nje atapita njia katikati ya shamba na kaburi la baba liko pale pale. Sikulifikiria hilo. Akasema kodisha. Msimu huu karafuu zimeshika vizuri, mkodishaji analipa mbele, miti inabaki yetu.

Chuo nimekiandikia mwenyewe bila dalali. Wamejibu siku ya pili, kwa adabu sana: muombaji lazima awe na RRT au awe amemaliza programu iliyothibitishwa. Dalali sasa hapokei simu.

India nimeipigia hesabu. Miaka minne, watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu. Mume hakusema hapana. Alinyamaza, na mie kunyamaza kwake nakujua.


MzeeUsingizi

Maombi ya usingizi yakifunguliwa nitafute. Barua ya kukushuhudia nitaandika mie.


BintiKojani

Ahsante mzee wangu. Nadhani nitakuja. Lakini kaka Mkaa, nakuomba na wewe: hayo ya wiki mbili, ya kuachisha ziwa, unanifunza?


Mkaa_Muscat

Kila Ijumaa baada ya Magharibi nipo nyumbani. Njoo na mgonjwa, usinitajie jina lake, namba za mashine tu. Tutaanza na gesi za damu.


PCB_Mchovu

Na mie naomba nikae pembeni nisikilize tu.


Mkaa_Muscat

Wewe kasubiri matokeo. Haya, njoo.


Darajani_1

Mleta uzi mbona kimya mwezi mzima? Umekodisha au umeuza?


BintiKojani

Nimekodisha. Msimu mmoja tu, wa pili tutaangalia bei.

Kimya ni kazi. Leo nimesindikiza tena, mzee wa Micheweni, boti ile ile. Mtungi lita 10, geji bar 140, lita 1,400. Nilimuanza kwa 6, nikamshusha mpaka 4, akakaa 95 njia nzima. 1,400 gawa kwa 4 ni dakika 350. Nimeandika kwenye plasta nikaibandika shingoni mwa mtungi, mwanawe akaniuliza hiyo namba ya simu ya nani.

Tumetumia dakika 200 kutoka wodini mpaka kitanda cha Unguja. Geji imesoma 60.